Buluu ya Zamani

Jumatatu, 3 Machi
Habari za uhakika! Mwekezaji kutoka nje anakuja Alhamisi kukagua kiwanda chetu cha vitambaa. Kimefungwa miaka kumi na tisa. Mimi ndiye niliyekuwa mpika rangi. Nimetoa koti la kazi sandukuni, nikalinusa. Harufu ya ujana wangu! Machozi yakanilenga. Mke wangu kasema hiyo ni harufu ya mende.

Jumanne, 4 Machi
Shemeji, aliyekuwa bawabu, anajidai. Eti mwekezaji anataka maendeleo endelevu, na yeye miaka yote anapanda matete ukingoni yasafishe mto. Bawabu na matete wapi na wapi! Mwenye pesa anataka kuona uhai. Zamani mto ulikuwa buluu Jumatatu, mwekundu Jumatano, na kila nyumba ilikuwa na mwenye kazi. Sasa maji maangavu, mpaka mawe unayahesabu. Inauma.

Jumatano, 5 Machi
Nimekumbuka! Mapipa mawili ya rangi yamebaki kwenye ghala la nyuma. Kesho shemeji atanyamaza.

Alhamisi, 6 Machi
Alfajiri nimemimina yote mtoni. Lo, buluu ile! Nikawaona wenzangu wakitoka zamu, mikono ya rangi, wakicheka. Nililia kwa furaha.

Saa nne mwekezaji kafika, mama mrefu mwenye kichupa. Lango hakulitazama. Moja kwa moja mtoni! Akachota. Akasema pesa yake haingii penye mto mchafu, akapanda gari. Shemeji akaitazama mikono yangu. Nikaificha mifukoni. Wapi! Keshaiona.

Jumamosi, 8 Machi
Mtaa mzima unaniita Buluu. Shemeji kakaa na matete yake ya buluu, hasemi neno. Heri angenitukana. Mke wangu kasema maji yakimwagika hayazoleki. Kisha kaikunja sare yake ya kusokota nyuzi. Kumbe alishaipiga pasi.

Jumatatu, 24 Machi
Mungu mkubwa! Shemeji alimwandikia yule mama, akamweleza kila kitu, akaniombea radhi. Mama anarudi keshokutwa kupima maji upya. Mke wangu kaiwasha pasi, anaimba. Mto sitaugusa, naapa!

Ila lile bomba la moshi la kiwanda limesimama pale, baridi, linatia huruma. Zamani moshi wake mweusi ulionekana toka stesheni. Nimeshapata matairi sita.