Malalamiko Dhidi ya Kanuni ya Baba Mdogo

Kituo cha Afya, Chumba cha Takwimu
(mlango wa pili baada ya maabara),
Alhamisi, mchana.

Kwa Mkuu wa Kitengo cha Mifumo ya Tahadhari ya Magonjwa,
Makao Makuu.

Ndugu Mkuu wa Kitengo (na mwanangu),

KUHUSU: MFUMO WAKO KULETEA WATU UGONJWA NA KUNIVUNJIA MIMI HESHIMA

Kichwa cha barua hii kinajieleza. Mimi ni mzima wa mwili. Hali ya roho utaisoma huko chini pamoja na sababu zake, ambazo nimezipa namba ili mashine zako zisipate shida kuzielewa.

Nakuandikia kama karani wa takwimu wa kituo hiki, kazi niliyoifanya miaka ishirini na mbili, siyo kama mdogo wa baba yako. Undugu tuuweke kando kwa leo. Sitataja ni nani alikuwa akitoka shule anakuja kukaa chini ya meza hii hii, anamaliza biskuti zangu na kuchora nyumba na maua nyuma ya fomu za serikali. Hayo siyo ya barua rasmi.

Nianze kwa kukukumbusha tulivyokuwa tunaishi kwa amani. Kila wiki kituo kinatakiwa kupeleka juu fomu inayoonesha tumepokea wagonjwa wangapi wa kila ugonjwa. Kwenye mstari wa kuhara, mimi huandika nne. Sikuiokota namba hii njiani, niliitafakari. Ukiandika sifuri, wakubwa wanaona kituo hakina kazi. Ukiandika ishirini, wanakuja na gari, wanataka chai na maelezo. Nne ni namba ya kiungwana: inaonesha watu wanaumwa, ila kwa kiasi, na sisi tupo. Na kwa kuwa nilikuwa naijua mapema, fomu ya Ijumaa niliimaliza Jumatano, na mwaka mmoja nilimaliza za Desemba nzima mwezi wa kumi na moja, nikapata nafasi ya kupaka rangi nyumba. Vyeti tisa vya kuwahisha taarifa viko ukutani mbele yangu ninapoandika, cha sita kimeliwa kidogo na mchwa. Kisha ukaja mfumo wako.

1. Mfumo hauna adabu. Wiki ya kwanza tu, nimeshika kishikwambi chenu kwa mikono miwili kama nilivyofundishwa, nimeandika nne, kikanijibu kwamba idadi hiyo imejirudia kwa wiki 208 mfululizo, na kwamba tafadhali nihakiki. Kumbe vijana wako walikuwa wameshakilisha fomu zangu zote za miaka minne ya nyuma bila hata hodi. Mtu mzima, mwenye miwani na wajukuu, naulizwa na kioo kama nina uhakika. Nikabonyeza NDIYO. Kikaniuliza tena. Mama yako mdogo, ambaye nimeishi naye miaka thelathini, hajawahi kuniuliza jambo lile lile mara mbili kwa siku moja, na yeye ana haki ya kuuliza.

2. Mfumo haupokei suluhu. Sikutaka ugomvi, nikaongeza mmoja, nikaandika tano, ukakubali. Wiki iliyofuata nne, kisha tano, kisha nne, mpaka ukaniambia umeona mpangilio. Hapo nikaamua kwenda kisayansi. Nilichukua kete ya ludo ya wajukuu, nikawa nairusha mezani kila Jumatano mbele ya mfagizi kama shahidi, na nilichoandika ni kile kilichotoka, bila upendeleo. Sijui kama kuna karani mwingine nchini aliyefanya kazi kwa uwazi namna hii. Baada ya wiki kumi na moja mfumo ukataka kujua kwa nini wagonjwa wetu hawajawahi kuzidi sita. Nilifikiria kurusha kete mbili, lakini mfagizi alinishauri niache, akasema hata yeye anaona kitu hiki kimeshanijua.

3. Kuhusu jina langu. Kwenye mafunzo ya wilaya, ukumbi umejaa makarani, mkufunzi alituonesha ukutani orodha ya vipimo ambavyo mfumo unatumia kukamata namba za kutunga. Mstari wa tatu ulikuwa umeandikwa hivi, kwa herufi ambazo hata bila miwani nilizisoma: KANUNI YA BABA MDOGO. Mkufunzi akaeleza kwa furaha kwamba jina hilo lilitolewa na mkuu wa kitengo mwenyewe, kwa heshima ya ndugu yake fulani aliyekuwa akijaza fomu kutoka kichwani. Ukumbi mzima ulicheka. Mimi nilicheka kuliko wote, mpaka nilipokumbuka kwamba wewe una baba mdogo mmoja tu. Ni kweli, ulipokuwa na miaka tisa uliniuliza namba zinatoka wapi, nami nikakujibu kwa upole kwamba zinatoka kichwani, kwenye kichwa kilichosoma. Wewe ukalibeba jibu lile mpaka chuo kikuu, ukalirudisha likiwa na umeme ndani yake. Nilikulisha biskuti miaka minne ili uje univue nguo mbele ya makarani wa wilaya nzima. Niliumia, na bado naumia.

4. Mfumo unasikiliza umbea. Ungekuwa unasoma fomu yangu peke yake, tungeelewana. Lakini unauliza pia maduka ya dawa yameuza pakiti ngapi za chumvi na sukari za wanaohara, unawauliza walimu ni watoto wangapi hawakuja shule, na una namba ya simu ya bure ambayo mtu yeyote, hata yule fundi cherehani wa mtaani kwetu asiyekosa la kusema, anaweza kupiga kueleza tumbo la jirani yake. Wiki ambayo kete yangu ilitoa tatu, mwenye duka la dawa mkabala na kituo aliripoti kuuza pakiti tisini, na mfumo ukamwamini yeye. Ushauri wangu wa kitaalamu ni kwamba kituo ndicho kikubwa, kwa hiyo duka liuze kufuatana na namba ya kituo. Nilikwenda kumweleza mwenyewe. Aliniangalia sana, halafu akaendelea kupanga chupa zake.

5. Mfumo unaleta ugonjwa. Hili ndilo zito, naomba ulisome ukiwa umekaa. Jumatatu wiki hii, baada ya kunyimwa kete, nililazimika kunyanyuka kwenda chumba cha muuguzi wa zamu kufungua rejista ya wagonjwa. Ni hatua kumi na nane kutoka mezani kwangu. Nilizihesabu, kwa kuwa siku hizi ndiyo amri. Nikapitisha kidole mstari kwa mstari. Waliokuja wakihara wiki iliyopita: thelathini na mmoja. Nikarudia kwa kalamu nyekundu. Thelathini na mmoja, kumi na tisa kati yao watoto. Sikuwa na namba nyingine, nikaiingiza kwenye kishikwambi. Sasa tufikiri kama watu waliosoma. Miaka yote hatuhesabu, wagonjwa wanne. Siku moja tumehesabu, thelathini na mmoja. Maana yake kuhesabu mara moja tu kumetuongezea wagonjwa ishirini na saba. Wilaya ina vituo arobaini. Vyote vikihesabu kwa pamoja, tutakuwa na wagonjwa wapya elfu moja na themanini kabla ya chai ya saa nne. Nchi nzima sikuthubutu kupiga hesabu, nisije nikaua watu kwa kalamu yangu.

5 (inaendelea, kwa sababu sijamaliza). Muuguzi wa zamu ana wimbo wake mmoja, kwamba chupa za maji ya kuwatundikia wagonjwa zinaisha kila Jumanne. Nimemweleza mara nyingi kwamba bohari ya dawa inatuletea kulingana na fomu, na fomu inasema wanne, kwa hiyo chupa zinatosha kabisa. Tatizo ni hawa wagonjwa wanaokuja nje ya fomu. Yeye hunijibu kwa kunisonya. Nimelifikisha jambo hilo kwa daktari wa kituo, naye akasonya.

6. Lile duara. Jumanne asubuhi, kwa kutumia namba yangu halali na umbea wa watu wengine, mfumo wako ulichora duara jekundu kwenye ramani, na katikati ya duara ukaliweka tangi la maji la nyuma ya soko. Kabla sijamaliza kufuta miwani, kila mwenye simu mtaani alikuwa ameshapata ujumbe kwamba asitumie maji ya tangi hilo mpaka wataalamu waje kuyapima Ijumaa. Tangi hilo nalijua tangu linajengwa. Maji yake ukiyaweka kwenye glasi unasoma gazeti upande wa pili. Watu wamelikimbia. Mimi sikukimbia, kwa kuwa mtu wa takwimu lazima aoneshe mfano. Jana jioni nilikwenda mwenyewe na ndoo mbili, nikachota bila foleni kwa mara ya kwanza tangu tuhamie hapa, nikampelekea mama yako mdogo. Alisitasita, akasema lakini mtoto wetu wa makao makuu si mjinga. Nikamwambia mwenye takwimu nyumba hii ni mimi. Akanywa glasi nzima, kwa kunistahi. Mimi, kama kawaida yangu, nilikunywa chai. Naomba upokee jambo hilo kama ushahidi.

Kwa hayo yote naomba yafuatayo. Nne irudishwe kwenye mstari wake. Duara lifutwe leo, au angalau lipakwe kijani. Kiwekwe kitufe kikubwa kilichoandikwa HAIJATOKEA, ambacho karani yeyote mwenye vyeti vitano na kuendelea anaweza kukibonyeza. Mfumo uwe unaomba ruhusa kwa maandishi kabla ya kujua jambo lolote, na maombi yapitie kwangu. Kama hatua ya dharura ya kuokoa maisha, kuhesabu kusimamishwe nchi nzima kwa siku tisini, tuone kama watu hawatapona. Na jina la ile kanuni libadilishwe. Kama ni lazima iwe ndugu, unao wajomba watatu, na mmoja wao hata fomu hajawahi kuiona.

Nisalimie baba yako, mwambie amelea. Msalimie mumeo na watoto, vijana wako wanaoshinda mbele ya kompyuta, na mlinzi wa getini kwenu aliyenikatalia kuingia mwaka juzi. Isalimie hata hiyo seva, kwa kuwa nasikia ndiyo inayonikumbuka kuliko nyinyi nyote.

Ni mimi, mwenye uchungu na vyeti tisa,

Karani wa Takwimu
(baba yako mdogo)

Nyongeza. Jumamosi, kwenye benchi la wodi.

Barua hii sikuituma. Nilikuwa naikunja Alhamisi ile ile jirani yetu aliponipigia simu kwamba niende nyumbani. Mama yako mdogo alikuwa akihara tangu asubuhi na alinificha, asije akaniharibia ushahidi. Nilipomfikisha hapa hakuweza kusimama. Macho yalikuwa yameingia ndani, na muuguzi alipoifinya ngozi ya mkono wake, ilibaki imejikunja pale pale. Muuguzi akafungua kabati. Kulikuwa na chupa mbili. Mbele yetu kulikuwa na watoto wawili waliolegea kabisa, akawatundikia wao, na alifanya sawa. Bohari inaleta kulingana na fomu. Siku hiyo hakunisonya, na ningependa angenisonya.

Kwa saa nne nilimnywesha kwa kijiko pakiti za yule mwenye duka, ambaye nashukuru hakuuza kufuatana na namba yangu. Niliogopa, mwanangu. Sijawahi kuogopa namna ile. Jioni gari la wilaya likafika, siku moja kabla ya ahadi, limejaa maboksi ya maji ya kutundika, kwa sababu mfumo uliwaambia thelathini na mmoja na wao wakajiandaa kwa mia. Kama ungewaambia nne, wangekuja na maboksi mangapi? Jana walipima tangi. Bomba la choo cha soko limepasuka ubavuni mwake. Leo mama yako mdogo amekaa, ameomba chai, na ameniambia maneno ambayo hayafai kwenye barua rasmi.

Asubuhi hii nimekwenda tena zile hatua kumi na nane. Arobaini na watatu. Wa thelathini na nane ni yeye. Jina lake nililiandika kwa mkono wangu. Najiuliza kwenye zile wiki 208 walikuwa wangapi, na wangapi kati yao walifunguliwa kabati likiwa na chupa mbili. Rejista za zamani ndizo tunazozuilia dirisha la chumba changu lisipigwe na upepo. Nimezitoa, nitaanza na ya mwaka huu nikirudi nyuma.

Duara usilifute. Kitufe nilichokiomba kisitengenezwe, na kikitengenezwa kisipewe mtu mwenye vyeti. Yote niliyoomba huko juu yachukulie kuwa yalitoka kwenye kete. Fomu ya wiki hii itachelewa, kwa kuwa wiki haijaisha.

Na jina la ile kanuni liache. Ni langu.