Misa Nyumbani kwa Nani?

Jumapili, 3 Agosti 2014

Kiangazi. Vumbi mpaka kwenye uji. Leo Padri kaja na pikipiki hapa kigangoni Rungwe Mpya, kasema maharage yako ndani, mashamba yamepumzika, kwa hiyo hatuna kisingizio: huu ni wakati wa kuzama katika imani. Tusali kila jioni nyumba kwa nyumba, na mkesha wa Kupalizwa Bikira Maria atasoma Misa katika nyumba moja ya jumuiya yetu. Moja tu! Yametajwa majina mawili: mimi Bazilio, na jirani yangu Tharsisi. Katekista Pasikali ataamua.

Mke wangu Epifania kaanza leo leo kusiriba ukuta. Tangu tuoane, Padri hajavuka kizingiti chetu hata kuomba maji. Anasema akiingia siku hiyo, hana tena la kudai duniani.

Jumanne, 5 Agosti

Nimegundua siri. Si siri hasa, Pasikali aliisema mbele ya wote, ila mimi ndiye niliyesikiliza: altare haiwekwi kwenye nyumba yenye ugomvi na jirani. Tharsisi hana ugomvi na mtu. Hilo linarekebishika. Jirani yake ni mimi.

Jumatano, 6 Agosti

Nimemwaga majivu ya jikoni kwenye bustani yake ya mboga, mchana kweupe. Nikasimama kungoja matusi. Kaja kunishukuru! Kasema wadudu walikuwa wanamaliza mchicha, na yeye aliona haya kuniomba majivu. Jioni kaleta fungu la huo mchicha. Mtamu, kwa bahati mbaya.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimebadili mbinu. Huku kwetu mtu akikuambia mwakeye asubuhi ukanyamaza, umemtukana yeye na ukoo wake. Leo Tharsisi kanisalimu njiani, nikanyamaza. Kisimani, nikanyamaza. Tena dukani, mbele za watu. Kazi ngumu, ulimi ulikuwa unaniwasha.

Epifania karudi kutoka Kasulu mjini kwa bodaboda. Kauza kuku wake, kanunua kitambaa cheupe cha altare. Kakifua, ingawa ni kipya.

Jumapili, 10 Agosti

Sala ya jumuiya kwa mjane Veronica. Ukafika wakati wa maombi. Tharsisi kasimama, kafumba macho, kaomba tumkumbuke ndugu yetu Bazilio, aliyezibwa masikio na anayeficha ugonjwa wake. Wote wakaitikia: twakuomba utusikie. Wanawake wakanigeukia kwa huruma.

Damu ikanipanda. Nikasimama nikasema masikio yangu ni mazima, ila nina neno na Tharsisi. Pasikali akamuuliza Tharsisi kama naye ana neno na mimi. Akajibu hana, hata la kuanzia. Nikaona nimeshinda. Nikamkumbusha Pasikali sheria yake: ugomvi upo, wote wamesikia, altare haiwezi kwenda kwa Tharsisi.

"Na mwenye ugomvi ni nani?" akauliza Pasikali.

Nikakaa chini. Epifania alikuwa ameinamisha kichwa. Misa itakuwa kwa Tharsisi.

Jumatatu, 11 Agosti

Epifania ananipa chakula akitazama pembeni. Nimekwenda kumwambia Pasikali kwamba huu ni upendeleo. Akaendelea kupepeta maharage. Makapi yote yalinijia mimi.

Alhamisi, 14 Agosti

Misa kwa Tharsisi. Nimekaa nyuma kabisa, karibu na banda la kuku. Natazama altareni: kitambaa cha Epifania! Kumbe alikipeleka mwenyewe asubuhi, bila kuniambia. Padri akauliza nani katoa kitambaa kizuri hivi, Tharsisi akasema ni mama wa nyumba ya jirani. Epifania akatabasamu kidogo, kisha akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Hapo niliumia. Niliona aibu, kusema kweli. Kile kitambaa kilikuwa cha nyumba yetu.

Wakati wa kutakiana amani nilikwenda mwenyewe kwa Tharsisi, nikampa mkono. Nikamwambia mwakeye, ingawa jua lilikuwa linazama. Akaitikia, akauliza masikio yanaendeleaje. Njiani kurudi nimemwahidi Epifania: hila basi.

Jumapili, 17 Agosti

Padri katangaza Misa nyingine ya nyumbani wakati wa Majilio. Safari hii itasomwa katika nyumba iliyotoa mfano wa kusamehe. Kusamehe! Epifania kanitazama usoni, kwa mara ya kwanza wiki nzima.

Nimekaa mchana wote nikitafuta mtu aliyenikosea. Hakuna. Tharsisi hafai kabisa. Basi nimeng'oa miti ya uzio upande wa jirani wa pili, Hatungimana, ambaye mbuzi wake hawana adabu. Waingie, wale mihogo yangu, nami nimsamehe hadharani. Epifania kauliza nani kabomoa uzio. Nimemwambia tumwachie Mungu.

Mpaka jioni hii hakuna mbuzi aliyeingia. Kesho nitawawekea chumvi.