Wasifu wa Zakaria Ulioota Mikia

Zamani nilikuwa tarishi kwenye kiwanda cha pamba, kule kwetu Usukumani. Nilibeba mafaili na kuchemsha chai (chai ndiyo niliijua zaidi). Karani wa mashine ya kuchapa aliitwa Bi Agripina, mama asiyecheka ovyo. Akienda kula mchana, mie nilikuwaga nakaa kwenye kiti chake nagongagonga. Siku moja akanikuta. Nikajua kibarua kimeota nyasi. Akasema, "Kama unagonga, gonga kwa adabu. Kengele ikilia, mstari umefika mwisho. Sukuma, anza mwingine. Usiposukuma, herufi zinapandana."

Shule niliiachia darasa la pili. Hesabu zimenitoka zote. Somo la Bi Agripina halijanitoka, na leo hapa Kibamba ndilo lililonivua nguo mbele ya jeneza.

Jirani yangu Zakaria amefariki. Mie ni katibu wa chama chetu cha kuzikana, na katibu ndiye anayeandika wasifu wa marehemu na kuusoma. Wengine wote niliwaandika kwa mkono kwenye daftari. Huyu nikataka achapwe. Nilikuwa na sababu.

Mtaani wananiita Mzee Bomba. Wanaamini maji ya mtaa wetu niliyaleta mie. Si kweli. Zakaria ndiye aliyehangaika ofisi hadi ofisi mpaka viatu vikatoboka. Siku bomba linafunguliwa alikuwa kitandani na homa. Mwenyekiti wa mtaa akauliza nani alifuatilia jambo hili asimame apigiwe makofi. Mie nilikuwa nimekaa mbele. Nikasimama. (Sijui miguu ilitumwa na nani.) Zakaria alisikia, na mpaka anakufa hakunitamkia neno. Kwa hiyo wasifu wake niliuandika wote ili nifike aya ya mwisho, niseme bomba ni la Zakaria.

Jana mchana nikaomba kompyuta ya mkwe wangu Neema. Akanifungulia ukurasa mweupe, nikaanza kugonga kwa vidole viwili. Maneno yakifika ukingoni mwa kioo yanajikunja yenyewe, yanaendelea chini. Kengele hakuna. Sikupenda. Kila yakifika ukingoni nikawa nabonyeza ile batani kubwa ya kushusha mstari, kama nilivyofunzwa.

Neema akaona. "Baba, usishushe mwenyewe. Yanajikunja tu ili uyaone vizuri. Mstari wenyewe haujaisha pale."

"Sasa umeishia wapi?"

"Popote. Tazama." Akakivuta kile kidirisha kikawa chembamba, maneno yakajipanga upya. Akakitanua, yakajipanga tena.

Nikamwambia, "Mwanangu, hayo maneno hayana kwao. Mie yangu yatalala ninapoyalaza."

"Sawa baba," akasema, akaenda kukaangiza mboga. Sawa ya mkwe mnaijua nyie.

Asubuhi ya leo nikaipeleka kazi, Neema kanitilia kwenye flashi, kwa dada mmoja mwenye kibanda cha kuchapisha, Kimara. Nikamwomba herufi kubwa, macho yangu yamechoka. Akakuza. Akatazama kioo, akanitazama mie. "Shikamoo tena mzee wangu. Hii mistari imekatikakatika, nikupangie?"

"Marahaba. Chapa hivyo hivyo."

Kazi niliyokisia karatasi tatu ikatoka karatasi saba. Sikuzisoma. Nilizikunja nikazitia kwenye mkoba wa chama, nikawahi msibani.

Sasa jueni jinsi ninavyosoma. Nafuata kwa kidole, mstari kwa mstari. Mstari ukiisha, natua, navuta pumzi. Na ile herufi kubwa ilikuwa imefanya hivi: kila mstari wangu haukuenea kwenye karatasi, ukamwaga neno moja au mawili chini, halafu pale nilipobonyeza batani ukaanza mstari mwingine. Kila mstari umeota mkia.

Nikaanza. "Marehemu alikuwa mtoto wa nne wa mzee Mathayo na mama." Nikatua. "Salome." Nikatua.

"Amina," akajibu Bibi Tekla, ambaye kila msiba anakaa kiti cha mbele na masikio yake ni ya kubahatisha.

"Alikuwa fundi seremala, na milango mingi ya mtaa huu ni kazi ya." Pumzi. "Mikono yake."

"Amina," wakasema watano.

"Alipenda ugali wa mtama na hakupenda." Pumzi. "Kelele."

"Amina," ukajibu msiba mzima.

Nyuma yangu mama mmoja akanong'ona, "Huyu anasoma au anaombea?" Mwenzake akamjibu, "Nyamaza, labda ndiyo mila ya kwao."

Nikajaribu kuunganisha, kidole kikapotea njia, nikasoma mkia mmoja mara mbili. Amina mbili. Mjane alikuwa amejifunika khanga usoni, mabega yanatikisika. Ningejua ni kilio ningeshukuru.

Nikiwa karatasi ya nne, Mwalimu Kisanga, aliyekuwa anaongoza shughuli, akanishika kiwiko. "Mzee wetu, makaburini wanatusubiri. Nyingine tutazisoma tukirudi."

"Mwalimu, imebaki moja tu ya muhimu. Aya ya mwisho."

"Tunashukuru sana mzee." Huku anazichukua karatasi taratibu, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu. Kipaza sauti kikawa kwake. "Ndugu waombolezaji, tumshukuru katibu wetu, Mzee Bomba, aliyetuletea maji mtaa huu."

"Amina," wakasema wote. Bibi Tekla akaongeza ya kwake.

Nilifungua mdomo. Jeneza likainuliwa, wimbo ukaanza.

Nikaweka mkoba wa chama juu ya kiti changu cha plastiki. Nikapita uani, wasichana wanaosha sahani kwenye bomba lile lile. Mmoja akasema, "Shikamoo Mzee Bomba." Nikaitikia. (Hata pale nikaitikia.) Nikatokea mlango wa nyuma, alioutengeneza Zakaria, nikashika barabara. Makaburini sikwenda.

Neema ameshapiga simu mara tatu. Haya yote nimewaandikia nyie wa kundi hili la simuni bila kugusa ile batani ukingoni, yajikunje yanavyotaka. Chekeni kidogo kidogo. Kule mie sirudi.