Wajumbe Wanaopiga Kelele Kwenye Goti la Bibi Bong-nyeo

Mheshimiwa Mwenyekiti Pyo,

Pole na shughuli za kijiji. Naandika kwa sababu nikikuona uso kwa uso maneno yananikwama. Mwandiko unisamehe, shule niliacha mapema.

Nalalamikia goti la kulia la bibi yangu, Bong-nyeo. Jumamosi kijiji kizima tunatengeneza kimchi, zile kabichi zetu za kuchachusha kwa pilipili, na miaka thelathini sasa yeye ndiye anachuchumaa kwenye beseni la viungo. Asipoweza kuchuchumaa, nafasi yake anaichukua Mama Eom. Mama Eom anatia sukari, wewe mwenyewe unajua.

1. Daktari Seok katuambia ndani ya goti kuna wajumbe, wadogo hawaonekani. Kazi yao kupiga kelele: "Hatari! Hatari!" Seli zinazotunza gegedu, ule mto laini wa katikati ya mifupa, zikisikia zinatoa mikasi, zinakata gegedu hilo hilo. Vipande vikidondoka, wajumbe wanazidi kupaniki, kelele zinapanda. Bibi akamwambia, "Daktari, hilo si goti, hicho ni kijiji chetu."

2. Hapo nikaelewa. Mlingoti wa kipaza sauti chako uko hatua nne kutoka mkeka anaponyooshea mguu. Mwaka jana ulitangaza ghala linaungua, tukavunja mlango kwa majembe, kumbe mvuke wa soya inayochemka. Wajumbe wamejifunza kwako. Sisemi kwa ubaya.

3. Naomba kesho asubuhi, kabla ya habari za mbolea, utangaze: "Wajumbe wa goti la Bong-nyeo, hakuna hatari, nyamazeni. Seli, rudisheni mikasi." Hapa kwetu hakuna anayebishia kipaza sauti.

4. Wakikaidi, wafagie ukumbi, kama sisi tunaokosa usafi wa pamoja. Najua hawana mikono. Mzee Gam naye alisema hana mgongo, ukamfagisha.

5. Ikishindikana kabisa, goti lihamie kijiji cha jirani. Bibi abaki.

Msalimie mkeo, mama yako, na yule ng'ombe aliyezaa juzi.

Ni mimi kijana wako,
Gu Man-deok,
nyumba ya mlingotini

N.B. Bibi kanikuta, kanisomesha barua yote kwa sauti. Kasema, "We mjukuu, nani aliamuru kimchi ichanganywe watu wamechuchumaa? Wekeni beseni mezani, nitasimama." Miaka thelathini hakuna aliyewaza meza. Basi naomba ile meza ndefu ya ukumbini. Hayo mengine yote nimeyafuta. Kama bado yanasomeka, ni ubaya wa kalamu.