Vumbi la Moyo Lilivyompeleka Mama Eliza Machame

Jumamosi asubuhi Injini alisimamisha pikapu yake mbele ya kijiwe akashuka bila kufunga mlango. Kwa mtu anayefunga mlango hata akienda kuchungulia tairi, hiyo tayari ilikuwa taarifa ya habari.

"Jana redio ya mjini imeupiga wimbo wa Texas," alisema.

Tangu albamu ya Texas itoke, ilikuwa inasikika mahali pawili tu: nyumbani kwa Texas, na ndani ya pikapu ya Injini, ambamo flashi imekwama kwenye redio na haitoki.

"Kipindi gani?" aliuliza Jaji.

"Matangazo ya vifo."

"Kabla au baada?"

"Katikati. Wamemaliza kumtaja marehemu wa Uru, gitaa likaingia. Mtangazaji akasema, na huyu ni Emilian wa Kibosho. Watu wakapiga simu kuuliza maziko ni lini."

Kijiwe chetu kinaitwa Seneti. Ni gogo la mgrivea lililolazwa mbele ya jiko la kahawa la Yuditha, hapa Kibosho, ambapo watu waliorithi mibuni kwa babu zao huja kuinunua kahawa kikombe kwa kikombe. Sirili tunamwita Jaji kwa sababu aliwahi kuwa mlinzi wa mahakama ya mwanzo, na anaamini sheria humwingia mtu hata akiwa amesimama nje ya dirisha. Basili ni Injini, mwenye pikapu pekee upande huu wa mto. Emilian ni Texas, mkulima wa migomba na mwimbaji wa muziki wa kantri, mwenye kofia pana aliyoipata kwenye mitumba ya soko la Memorial. Mimi ni Denis, nasoma shule ya bweni, na wananiita Likizo kwa kuwa ndiyo wakati pekee ninapoonekana. Yuditha hana jina la utani. Yeye ni Serikali.

Albamu yenyewe sina budi kuieleza kwa heshima anayostahili marehemu. Inaitwa Vumbi la Moyo. Kibosho hakuna vumbi la kutosha hata la kuchafua kioo, kuna tope, lakini Texas alisema tope haliimbiki. Aliirekodi mjini, kwenye chumba chenye magodoro ukutani. Jaji alisoma utangulizi kwa sauti ya mtu anayetoa hukumu ya kifungo. Injini aliimba besi. Kwato za farasi ni mimi, nikigonganisha vibuyu viwili vya mbege, pombe yetu ya ndizi. Wenzangu darasani wanajivunia ukapteni wa timu na uongozi wa skauti. Mimi nimerekodiwa nikiwa farasi. Mtandaoni msikilizaji mmoja aliacha maoni. Aliuliza ni nani anayeosha vyombo.

"Basi Seneti imeshinda," nilisema. "Kupigwa redioni ni kupigwa."

"Subiri, mwanafunzi," alisema Injini. "Uliopigwa ni ule wa Dereva Kamchukua."

Yuditha aliacha kumimina kahawa.

Wimbo huo unamhusu mwanamume ambaye mkewe ameondoka alfajiri na dereva wa lori, akamwachia sufuria ya mtori ikipoa. Texas hajawahi kuachwa na mtu yeyote. Mke wake, Dafroza, Mama Eliza, binti wa Machame, yupo naye tangu ujana wao, na kila siku ya soko ndiye anayeteremsha ndizi soko la Mbuyuni.

"Na soko lote lina redio," alisema Yuditha taratibu.

"Soko lote. Mke wangu Mary alikuwepo. Mama Eliza alikuwa ananadi mkungu, wimbo ukafika pale kwenye lori. Wenzake wakamgeukia: kumbe, Mama Eliza, na hilo lori ni la wapi? Ameziacha ndizi palepale, amepanda gari la Machame, yuko kwa baba yake mpaka sasa."

"Maskini Texas," nilisema.

"Maskini Texas? Mimi je? Nyie fikirini, hapa dereva ni nani mwingine? Jana nimewekewa ugali bila mboga. Kuuliza mboga iko wapi, naambiwa kaulize kwenye malori."

"Pikapu si lori," alisema Jaji. "Kisheria kabisa."

"Nimemwambia. Akasema kila lori lilianza dogo."

Tulikuwa bado tunamcheka Injini wakati Texas mwenyewe alipotokea kwenye njia ya mfereji. Hakuwa na gitaa. Kofia aliishika mkononi, na ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza kuwa ana upara.

"Shikamoo," nilimwambia.

"Marahaba." Alikaa kwenye ncha ya gogo. "Mmesikia?"

"Tumesikia, mangi. Pole sana," alisema Injini.

Texas aliizungusha kofia mkononi.

"Gitaa lilisikika vizuri?"

Yuditha alimtazama. Texas akarudi kuizungusha kofia.

"Baba Eliza, nikuulize kitu," alisema Yuditha. "Hivi ilikuwa lazima mke aondoke?"

"Ndiyo muziki wenyewe, dada. Kantri bila mke kuondoka ni kwaya."

"Ungemwondoa mbwa."

"Mbwa aliondoka wimbo wa pili."

"Ungejiondoa wewe."

"Mimi niende wapi? Mbali nilikowahi kufika ni Boma Ng'ombe, na nilirudi kabla ya chakula cha mchana." Alifuta uso kwa kofia. "Na wazo la dereva halikuwa langu. Mimi niliweka mwalimu. Jaji akasema mwalimu hana usafiri."

Wote tukamgeukia Jaji.

"Nilitoa ushauri wa kitaalamu," alisema Jaji. "Na Likizo ndiye aliyesema lori lina vina vizuri."

"Nilisema kama msanii," nilisema. "Si kama shahidi."

"Na mimi niliimba huo mstari wa lori kwa besi," alisema Injini kwa huzuni. "Nimejitengenezea ugali mkavu kwa koo langu mwenyewe."

Ikawa wazi kwamba katika Seneti nzima hapakuwa na mtu ambaye hakumfukuza Mama Eliza kwa namna fulani. Mimi niliyempigia kwato za kuondokea nilijiona nina cheo cha juu kabisa.

"Hakai kule kwa hasira tu," alisema Texas. "Nimempigia baba mkwe, mzee Eliona. Hajafoka, hajatukana. Ameniambia tu, kijana, binti yangu yupo, nyumba yake ni hii. Mnajua maana yake. Akikaa mpaka Jumapili, akaonekana kanisani kwao na mama yake, basi. Amerudi kwao."

Hapo hata mimi niliacha utani. Jumapili yenyewe ilikuwa kesho.

"Lina dawa hili," alisema Jaji, akafunga kifungo cha juu cha shati. "Isale. Mtu akikuletea jani la isale, hata kama alikuibia ng'ombe, huna pa kukataa. Tunakwenda Machame leo. Mimi nakuwa mshenga. Injini anatupeleka. Likizo anabeba mbege."

"Kwa nini nibebe mimi?"

"Wewe bado hunywi. Itafika."

"Walutheri wa kule watatupokea sisi Wakatoliki?" aliuliza Injini.

"Watatupokea, na watatusikiliza mpaka mwisho. Ndiyo hatari yao. Kwa hiyo maneno yawe machache. Texas, kachukue isale. Na uvae viatu vinavyofanana."

Texas alikwenda nusu akikimbia. Sisi tukabaki tukipanga ujumbe, na baada ya muda nikatambua tulikuwa tumeacha kumzungumzia Mama Eliza. Tulikuwa tunabishana kama ukweni watatuchinjia mbuzi au kuku, na kama ni mbuzi, mshenga anastahili kidari au mguu. Injini alikuwa ameshafuta kiti cha mbele cha pikapu kwa ajili yake mwenyewe, ingawa ndiye dereva.

Texas akarudi. Jani hakuleta. Alileta isale lote, shina na mizizi, udongo ukidondoka kwenye viatu, ambavyo kwa kweli vilifanana.

"Nimeona jani moja ni dogo kwa kosa kama hili," alisema.

Jaji alilitazama lile isale kama mtu anayemtambua ndugu yake katikati ya umati.

"Umelitoa wapi?"

"Pale bondeni, karibu na mfereji. Lilikuwa limenawiri kuliko yote."

"Karibu na mbuni wangu uliopinda?"

"Hapohapo."

"Emilian," alisema Jaji, na hakuna aliyewahi kumsikia akilitaja jina hilo. "Umeng'oa mpaka."

Hapa kwetu isale lina kazi mbili. Jani likiwa mkononi ni msamaha. Shina likiwa ardhini ni mpaka kati ya kihamba, yaani shamba la ukoo, na kihamba jirani, na watu wamewahi kupelekana mahakamani kwa shina lililosogea kiasi cha unyayo. Texas alikuwa ameung'oa mpaka wa Jaji ili akamwombe msamaha mtu mwingine.

"Nilikuwa na haraka," alisema Texas.

"Babu yangu na babu yako walipanda hilo wakiwa hawasemeshani. Ndilo jambo pekee walilowahi kukubaliana."

"Nitalirudisha."

"Wapi? Shimo unalijua wewe? Mimi si mshenga tena. Mimi ni mlalamikaji."

"Jaji, bwana, mke wa mtu yuko Machame," alisema Injini.

"Na mpaka wa mtu uko mkononi mwa mtu."

Texas alisimama na mti wake. Akamtazama Jaji, akalitazama isale, kisha akafanya jambo la akili kuliko yote aliyowahi kufanya tangu aingie studio. Alipiga goti kwenye tope akampa Jaji lile isale kwa mikono miwili.

Jaji hakuwa na pa kukataa. Aliligeuza mkononi, mizizi ikamchafua shati, akasema kwa uchungu, "Nimekusamehe."

"Asante, meku, mzee wangu."

"Lakini sasa limeshatumika," nilisema. "Machame tunapeleka nini?"

Hilo likazua kikao kipya. Injini alisema twende tukachume jani jingine. Jaji akataka kujua mpakani kwa nani. Texas alikaa tena kwenye gogo na kusema basi, hata mimea imemchoka, atauza gitaa, atakuwa mtu wa kawaida.

"Mmemaliza?" aliuliza Yuditha.

Hatukuwa tumemaliza, lakini alikuwa ameshachomoa simu iliyobanwa kati ya bega na kilemba, mahali anapoiweka akiwa na kazi mikononi. Aliiweka juu ya meza, kando ya birika.

"Dafroza, umesikia?"

"Nimesikia," ilijibu simu. "Nimesikia mpaka la mguu wa mbuzi."

Injini aliinuka kana kwamba mama yake ameingia. Mimi nikaiamkia simu shikamoo, ikaitikia marahaba.

"Baba Eliza," ilisema.

"Naam, Mama Eliza."

"Huyo dereva ni nani?"

"Hayupo."

"Nyuzi za gitaa ulinunuliwa na nani?"

"Na wewe. Kwa ndizi zako."

"Na studio?"

"Ndizi pia."

"Sasa wewe unachukua ndizi zangu, unakwenda kuziimbia kwamba nimetoroka. Kwa nini hukuimba kilichopo?"

Texas aliikunja kofia. "Kilichopo hakina huzuni."

"Mimi nina huzuni tangu jana. Imba."

"Hapa? Gitaa sina."

"Imba hivyohivyo."

Nilinyoosha mkono nichukue vikombe viwili, maana mwimbaji asiye na farasi huonekana mpweke. Yuditha alinitazama, nikavirudisha. Texas alikohoa. Sauti yake ya redioni, ile ya puani, haikutoka. Ilitoka nyingine, ya kawaida, kama ya mtu anayeita mtoto ng'ambo ya mto:

*Mke wangu kaamka jogoo hajawika,*
*kautwika mkungu, kaushika mteremko.*
*Mimi nimelala, kofia usoni,*
*naota nimeachwa.*

Akaishia hapo. Hatukuwahi kusikiliza wimbo wa Texas mpaka mwisho, na huu ulitukuta hatujajiandaa. Injini alianza kukagua funguo zake moja moja.

Simu ilikwaruza, nikadhani salio limeisha.

"Huo utauzika?" iliuliza.

Mara ngapi tumemsikia Texas akiulizwa swali hilo. Kila mara alijibu kwamba soko bado halijakomaa.

"Hautauzika, Mama Eliza."

"Hata redioni?"

"Labda kwenye vifo."

Kitu kikasikika upande wa pili, na Yuditha, anayemjua Dafroza tangu kipaimara, akaanza kutabasamu kabla yetu.

"Haya. Njoo unichukue."

"Tunakuja sasa hivi," alisema Texas, na Jaji akashika kifungo cha shati, na Injini akafungua mlango.

"Nimesema njoo. Hao washauri wako waache hapohapo walipo. Na usiletwe na dereva yeyote, Machame nako watu wana macho."

Texas alivaa kofia, akaivua, akampa Yuditha amwekee, akashika njia ya juu inayokatiza makorongo, kichwa wazi. Hakutuaga.

Tulibaki tumekaa na shati lililofungwa mpaka juu, kiti kilichofutwa na kiu ya mbege. Jaji ndiye aliyeinuka wa kwanza, isale begani.

"Ngoja nikalirudishe hili mahali pake kabla mwenzangu hajarudi."

"Mahali pake ni wapi?" aliuliza Injini. "Si ulisema shimo halijulikani?"

"Hilo ndilo nakwenda kuamua. Upande wangu wa migomba siku zote umekuwa mwembamba mno."

"Shemeji Sirili," ilisema simu kando ya birika, "bado nipo hewani."

Jaji aliliweka isale chini, taratibu sana, akakaa. Kikao kiliahirishwa bila tarehe, na Yuditha akaanza kukusanya vikombe.