Kindege Chini ya Kanga

Leo nimejianika mbele ya ukoo mzima wa wakwe. Msinipigie kunipa pole, sina simu. Naandika kwa simu ya jirani.

Tulikuwa tunamaliza tanga la Baba Neema, mume wangu. Nyumba yetu hapa Shanwe imejaa, wengine wametoka Usevya tangu alfajiri. Kwa desturi yao, leo ndiyo vitu vya marehemu vinagawiwa. Shemeji hata chai hajamaliza: "Ile simu naichukua mie." (Shati lenye kiraka hakulitaka. Mjanja!)

Sasa, kwenye simu ile kuna gemu la kindege cha angani. Nililichukia! Ugali unapoa, mtu anabonyeza. Baada ya mazishi nikalifungua ili nilitukane vizuri. Nikanasa. Kindege kinakwenda mbele tu, hakirudi. Risasi zinakuja kama kumbikumbi, lakini kila mara kuna upenyo. Ukituliza moyo, unapita. Ukigongwa, unajua kosa ni lako. Na unapewa roho tatu. (Yeye alipewa moja. Homa ya siku nne ikaondoka nayo.)

Alikuwa amekwama leveli ya tisa, kwa dude moja lenye jicho. Nikaapa: simu haitoki humu kabla sijamuulia hilo dude.

Basi leo mkekani nikajifunika kanga gubigubi, nikabonyeza. Mabega yanatikisika. Mama mkwe akanipapasa mgongo: "Lia, mwanangu. Toa yote."

Natoa, mama! Risasi zote!

Nikabaki na roho ya mwisho. Jicho limekuwa jekundu. Nje ya kanga namsikia baba mkubwa: "Kuna mwenye neno la mwisho kwa marehemu?"

Nikafoka: "Kufa, mbwa wewe! Umenitesa vya kutosha!"

Wee! Kanga ikavutwa. Macho yote kwangu, na simu mkononi inapiga tarumbeta la ushindi. Shangazi mmoja akaanza kukemea pepo.

"Nilikuwa naongea na jicho," nikasema. (Bora ningenyamaza.)

Mama mkwe akaichukua simu, akaiweka sikioni. "Wimbo huu mgeni," akasema. "Mwanangu alikuwa anaishia kwenye ule wa kushindwa."

Hapo ndipo nikalia. Kilio chenyewe sasa, bila kanga.

Shemeji kaondoka nayo hivyo hivyo. Leveli ya kumi sitaiona. Nyie mnaotaka kucheka, chekeni, ila mjifunike kwanza.