Vita vya Mzee Barnaba na Tone la Umande

Nyamazeni, enyi watu wa milima ya Ileje na mabonde ya Momba! Aliye na hindi la kuchoma mdomoni na ameze, mwenye kikohozi na akohoe sasa amalize, na ninyi wa Hasamba mnaoanika kahawa, iacheni hapo, haitakimbia. Ninasimulia vita. Msiniulize kama damu ilimwagika, maana haikumwagika. Lakini nawaapia, tangu watu waanze kuipanda milima hii, hapajaonekana mapambano makali kama yale aliyoyapigana Barnaba wa Isongole, Mnasa Harusi, Bwana wa Mikanda Mia Tatu, asubuhi moja ya Julai mwaka huu, akiwa ameketi kitini, mikono magotini.

Ndiyo, ameketi. Mwenye kucheka na acheke sasa, baadaye atanyamaza mwenyewe.

Katika enzi zile ambapo kamera za video zilikula mkanda, hapakuwa na bibi harusi kutoka Isongole hadi Itumba aliyekata keki pasipo jicho la Barnaba kuwa juu yake. Kisha zikaja simu, kila mwenye kidole akawa mpiga picha, na shujaa wetu akaitia kamera katika begi, begi katika sanduku, na sanduku mvunguni, pamoja na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu ambavyo ninyi mkinunua viatu mnavitupa. Kila mwezi aliitoa akaifuta lenzi kwa kitambaa laini, pole pole, kwa kuzungusha, bila kuipulizia pumzi wala kuigusa kwa kidole. Mkewe Imelda alilalamika waziwazi kwamba kamera ile inapanguswa kuliko wajukuu.

Basi mwezi Juni, akiipanga mikanda yake, akakutana na mmoja ulioandikwa kwa kalamu ya wino: Harusi ya Josephat, 2003. Moyo ukampiga paa! Kwa maana alimkumbuka mtu aliyesimama kutoa nasaha siku ile, naye ni Yesaya, kaka yake Josephat, ambaye malaria ilimchukua miezi mitatu baadaye. Yesaya alimwacha mkewe Sekela na mimba, na picha moja ya kitambulisho. Mtoto aliyezaliwa, Tupokigwe, hakuwahi kuisikia sauti ya baba yake hata siku moja. Na sasa Tupokigwe alikuwa anaolewa, anapelekwa Tunduma.

Nakala je? Ilikuwapo moja, ya Josephat mwenyewe. Ililowa mvua, naye akaianika juu ya jiko ikauke, ikayeyuka kama mshumaa. Sasa mnaelewa uzito wa jambo. Mkanda ulibaki mmoja duniani, wenye umri wa miaka ishirini na miwili, na kama ukikatika, Yesaya anakufa mara ya pili, na safari hii mikononi mwa Barnaba, rafiki yake.

Kwanza shujaa alisafiri hadi Tunduma kutafuta chaja, maana ile ya zamani ilikwishakata roho. Akavipekua vibanda siku mbili, akavuka mpaka hadi Nakonde, akasalimiwa "mulishani", yaani habari gani, na kila mwuza waya, na wote wakamcheka. Wa mwisho hakucheka. Aliitoa chaja chini ya rundo la redio mbovu, nayo ikawaka, na Barnaba akarudi Ileje ameibana kwapani kana kwamba amenyakua ngawira ya mfalme.

Ikafika siku ya harusi. Alfajiri, ukungu ukiwa umelala barabarani, Barnaba akapanda pikipiki, begi mgongoni, baridi ikimng'ata masikio, akapanda mlima hadi kwa Sekela, ili bibi harusi amsikie baba yake kabla ya kuondoka. Na hapa, jamani, nawaficha nini? Shujaa alikosea. Jana yake aliurudisha mkanda nyuma hadi mwanzo wa nasaha ili uwe tayari, halafu akausahau humo humo ndani ya kamera, yeye ambaye kwa miaka thelathini aliwafokea watu kwamba mkanda hausafiri tumboni mwa kamera.

Tena yako mengine. Katika milima ile mgeni wa Julai hapokelewi sebuleni. Hupokelewa jikoni, miguu motoni, na mwenye kuukataa moto amemtukana mwenye nyumba. Barnaba akaingizwa jikoni. Sufuria la maharage likichemka huku, birika la chai likifoka kule, mvuke umetanda hadi darini. Naye kwa furaha ya kukaribishwa akafungua begi, akaitoa kamera yenye baridi ya mlima mzima, akabonyeza.

Katika kioo kidogo ikatokea alama ya tone la maji. Ikawaka, ikazima, ikawaka.

"Mama yangu!" akasema Barnaba.

Kwani tone lile alilijua. Ni umande uliojikusanya ndani ya kamera, sawasawa na jasho la chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Ndani mle kuna kigurudumu cha chuma kinachousoma mkanda, na kigurudumu kikilowa, mkanda hukigandia, na mkanda ukiganda ukalazimishwa, huchanika.

Akainuka Josephat, bwana harusi wa zamani, fundi baiskeli, Mwenye Bisibisi Katika Mfuko wa Shati. Akanena: "Kaka Barnaba, mbona unamwita mama? Nilishafungua vitu vigumu kuliko hicho. Nipe dakika tano, nifungue hizi skrubu nne, niuvute mkanda kwa kidole, niupepee pale motoni, turudishe, twende harusini!"

"Josephat!" akanguruma Barnaba. "Ulikausha mmoja, ukawa uji! Bisibisi yako irudi mfukoni, na mfuko uondoke mbele yangu!"

Naye Sekela, mwenye jiko, mjane wa Yesaya, akasimama na mwiko mkononi. "Basi tuusogeze tu karibu na moto, shemeji. Hapa kila kitu tunakausha motoni. Viatu, mbegu, hata kinanda cha kodiani cha kanisa."

"Mama Tupokigwe," akajibu shujaa, akivua kofia, "moto wako ni mzuri na maharage yako yananukia. Lakini mimi na kamera hii tunatoka humu jikoni sasa hivi. Dawa yake ni moja tu, kuzimwa na kuachwa mahali pakavu saa nzima, isiguswe na mtu."

Weee! Mgeni ameukataa moto! Sekela akamtazama, akatazama mwiko, na nafikiri kwa kitambo alikuwa anachagua. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Yesaya yumo humo?"

"Yumo."

"Nenda sebuleni."

Ndipo vita vikaanza, saa mbili na nusu kamili. Barnaba akaiweka kamera juu ya meza, mbali na dirisha jua lisije likaichoma, mbali na mlango vumbi lisije likaingia, akaketi mbele yake. Sebule ilikuwa baridi kiasi cha kuhesabu meno. Dakika ya kumi, adui akamtumia chai. Ilikuja katika kikombe kikubwa, ikifuka moshi, na tangawizi yake ikamfikia puani kabla ya mwenye kuileta. Barnaba akaitazama kwa uchungu wa mtu anayeagana na ndugu stendi, akasema, "Irudisheni, ina mvuke." Dakika ya ishirini, wakaja mashangazi watatu kumchungulia mgeni aliyekataa moto na chai, wakaulizana kwa Kindali kama ana homa. Dakika ya thelathini, Josephat akapita mlangoni akijifanya anatafuta kofia. Akapita tena. Mara ya tatu Barnaba akainua kidole kimoja tu, na fundi akarudi kinyumenyume, bisibisi ikigongagonga vifungo vya shati.

Lakini dakika ya hamsini, enyi wasikilizaji, adui mkuu akatokea. Honi! Gari la bwana harusi limefika kutoka Tunduma, maua kwenye boneti, na dereva ameegemea honi kama godoro. Nyumba ikavurugika. "Tunachelewa! Mchungaji anangoja!" Vidole vya Barnaba vikaanza kutambaa mezani vyenyewe. Alijisemea labda umeshakauka, labda dakika kumi si kitu, na kidole kikafika juu ya kitufe.

Hapo mlango ukafunguliwa, akaingia Tupokigwe, shela kichwani, kitenge mabegani, jicho moja limepakwa wanja na jingine bado.

"Baba mkubwa, umesema saa nzima?"

"Saa nzima, mwanangu. Zimebaki dakika kumi. Lakini gari..."

"Mimi nina miaka ishirini na miwili sijamsikia. Dakika kumi nitashindwa?" Akavuta kiti, akaketi kando yake. "Toa mkono hapo."

Barnaba, Bwana wa Mikanda Mia Tatu, akautoa mkono.

Wakangoja wawili. Honi ikalia, ikalia, ikakauka koo. Saa tatu na nusu shujaa akavuta pumzi, akaiwasha kamera. Kioo kikaja na mwanga wake wa buluu, na pale palipokuwa na tone hapakuwa na kitu! Umande umevunjika, umekimbia, umeacha uwanja! Vigelegele vikalipuka, Sekela akaingia na mwiko wake, na Josephat akashangilia kuliko wote, tena akisema, "Nilijua tu."

Barnaba akabonyeza. Mkanda ukakoroma, picha ikachezacheza, ikatulia. Kwenye kioo chenye ukubwa wa kiganja akasimama mwanaume mrefu, suti imempwaya.

"Barnaba," akasema mwanaume yule, na sauti yake ilikuwa nzito, yenye kukwaruza kidogo, "hicho kidude chako kinawaka kweli, au unatusimamisha bure? Haya. Josephat mdogo wangu, nasaha zako zinakuja. Lakini kwanza, ninyi wa chakula, mpelekeeni nyama mke wangu pale. Msimpe kipande kimoja. Wako wawili pale, na yule mdogo ndiye mwenye njaa, usiku kucha ananipiga mateke ya mgongo. Akitoka ataniambia vizuri shida yake ni nini."

Sebule ikacheka na kulia kwa pamoja. Sekela akajifunika uso kwa kitenge. Tupokigwe hakulia, wala hakucheka. Aliinama hadi pua ikakaribia kioo, akamsikiliza.

Basi na iandikwe, na wa Mbangala wawaambie wasiokuwapo, kwamba siku ile huko milimani Barnaba wa Isongole alipigana na tone la umande saa nzima, akalishinda kwa kutofanya lolote, na hakuna jemadari aliyewahi kufanya hivyo kwa ufundi kama wake. Dereva naye akachungulia dirishani, akauliza kwa ukali kama harusi ipo au haipo.

"Ipo," akasema bibi harusi, bila kuinua kichwa. "Wewe ngoja. Baba bado anazungumza."